Uzamivu wangu unahusu vichwa vya watoto

Tangu habari zienee kwamba nasoma shahada ya uzamivu, salamu zimebadilika. Kanisani, sokoni Kiboriloni, hata kwenye kikao cha ukoo kule Kibosho, naitwa daktari kabla ya wakati wake. Halafu linafuata swali: "Kwa hiyo sasa utakuwa unasoma picha mwenyewe?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, nimeona leo niliandike, maana jibu lake ni refu na nalipenda.

Mimi ni mteknolojia wa radiolojia. Kwa wagonjwa wetu, mtu wa eksirei. Ndiye ninayekuambia vuta pumzi, bana, usitikisike. Picha ikishatoka, anayeisoma na kuandika majibu ni daktari bingwa wa radiolojia, ambaye alisomea udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea kwenye picha. Uzamivu wangu hautanifanya niwe yeye, na sikuuanza kwa ajili hiyo. Kati ya mashine na yule daktari kuna sayansi nzima: mionzi itoke kiasi gani, picha iwe na ubora gani ili swali la daktari lipate jibu, na mwili wa mgonjwa ubebe nini baada ya hapo. Hiyo ndiyo sayansi ya picha za tiba. Hapa nchini tulio kwenye njia hii hadi ngazi ya uzamivu ni wachache, na ndiyo maana hata ndugu zangu wanashindwa kuelewa nasomea nini.

Nasomea vichwa vya watoto. Niseme ilivyoanza.

Miaka kadhaa nyuma nilipelekwa kusaidia kwa muda kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, chenye CT Scan, yaani mashine ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka. Pale nilikuwa napokea watoto wengi wa kichwa kikubwa na mgongo wazi. Mama ameshuka kwenye gari la Rombo au la Same, mtoto kafungwa mgongoni kwa khanga, kichwa kimeegemea bega kwa sababu shingo haiwezi kukibeba. Maji ya ubongo yanatengenezwa lakini hayapati njia ya kutoka, vyumba vya ndani ya ubongo vinapanuka, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana, kichwa chote kinakua. Madaktari wa upasuaji huweka mpira mwembamba unaoanzia ndani ya ubongo, unapita chini ya ngozi mpaka tumboni, ili maji yapate pa kwenda.

Mpira ule huokoa maisha. Lakini unaweza kuziba, na unaweza kuingiliwa na vijidudu. Mtoto akianza kutapika, akilala kupita kiasi, akilia bila kunyamaza, swali la kwanza ni kama mpira bado unafanya kazi, na mara nyingi jibu linatafutwa kwenye CT. Kwa hiyo mtoto huyo huyo anarudi mezani mwezi ujao, anarudi mwakani, anarudi tena akianza shule.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa Rombo ambaye alirudi sana. Mama yake alishanizoea, akinikuta mlangoni anasema, "Dada, tumekuja tena." CT inapomaliza kazi huacha ukurasa wa dozi, yaani kiasi cha mionzi iliyotumika, ukurasa ambao watu wengi hawaufungui. Nilifungua kurasa zote za yule mtoto, nikaziweka pamoja. Mipangilio ilikuwa ileile kila mara, na ilikuwa mipangilio ya kichwa cha mtu mzima kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Foleni ni ndefu, fundi alifunga mashine akaondoka, na kitufe kilichoandikwa "kichwa" ndicho kilichokuwa kikibonyezwa. Ila mimi sikuweza kulala vizuri nikijua hivyo.

Hapa nataka niwe mwangalifu sana, maana najua wazazi watasoma. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu takriban 180,000 waliopigwa CT wakiwa na umri wa chini ya miaka 22. Waliopokea jumla ya miligrei (kizio cha kupimia dozi ya mionzi) 50 hivi kwenye uboho walikuwa na hatari ya saratani ya damu karibu mara tatu, na miligrei 60 hivi kwenye ubongo ilihusishwa na hatari kama hiyo ya uvimbe wa ubongo. Inatisha ukiishia hapo. Endelea kusoma: kwa watoto wa chini ya miaka 10, makadirio yao yalikuwa mgonjwa mmoja wa ziada wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo kwa kila CT za kichwa 10,000, katika miaka 10 inayofuata baada ya kipimo cha kwanza. Mpira ulioziba unaweza kuua mtoto ndani ya siku chache. Mzazi, daktari akiandika CT, mpeleke mtoto. Kazi ya kuhakikisha kwamba dozi ni ndogo iwezekanavyo ni yetu sisi, na haitakiwi iwe mzigo wako.

Na kabla hatujafika kwenye CT, kuna utosi. Mtoto ambaye utosi wake bado uko wazi anaweza kuangaliwa kwa altrasaundi kupitia hapo hapo, bila mionzi hata chembe. Kwa watoto wengi utosi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kwa wenye kichwa kikubwa unaweza kuchelewa zaidi. Nchi tajiri, utosi ukifunga, wana MRI ya haraka, mashine inayotumia sumaku badala ya mionzi, isiyohitaji mtoto alazwe usingizi. Sisi MRI ni chache na ni ghali, kwa hiyo tunabaki na CT. Basi CT yenyewe iwe ya mtoto.

Watu huniuliza kwa nini nisichukue tu mipangilio ya Ulaya nikaibandika ukutani. Nilijaribu kuifikiria njia hiyo kwa uzito, kwa sababu ingeniokolea miaka. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilichapisha viwango rejea vya dozi kwa watoto. Kwa CT ya kichwa vimegawanywa kwa umri: miligrei 24 kwa mtoto wa chini ya miezi 3, 28 mpaka kabla hajatimiza mwaka, 40 mpaka kabla ya miaka 6, na 50 kuanzia hapo. Umri ulichaguliwa kwa sababu kichwa cha mtoto hukua kwa kufuata umri wake. Kwa mtoto wa kawaida ni kweli kabisa. Sasa njoo kwenye meza yangu. Nimempokea mtoto wa miezi minane mwenye kichwa kilichozidi cha baba yake aliyekuwa amemshika. Jedwali linasema ni mtoto mdogo. Kipimo cha kamba kinasema ni mtu mzima. Ukimpiga eksirei unakuta mfupa mwembamba kama wa kichanga na ndani maji mengi, kwa hiyo hata kulinganisha na mtu mzima hakukai sawa. Watoto wetu wengi hufika hospitali wamechelewa, kichwa kimeshakua sana, na jedwali lililotengenezwa kwa watoto waliowahi haliwezi kuwajua.

Pengo hilo ndilo uzamivu wangu. Nikiliweka kwa sentensi moja: mtoto mwenye mpira kichwani, anayekuja kuangaliwa kama vyumba vya maji vimepanuka, anahitaji mionzi kidogo kiasi gani kwenye mashine tulizonazo Kaskazini, na kigezo kiwe umri wake au mzunguko wa kichwa chake? Pendekezo la kwanza nililopeleka kwa msimamizi lilikuwa na CT zote za watoto, kifua, tumbo, kila kitu. Aliliweka mezani, akasema, "Mama, hapa kuna kazi ya watu wanne. Ipi inakunyima usingizi?" Nikamjibu palepale.

Kinachonipa matumaini ni fizikia yenyewe, na naomba mnivumilie kidogo. Televisheni za zamani zikiwa mbali na mnara zilionyesha chenga. Picha ya CT nayo ina chenga zake, na ukipunguza mionzi zinaongezeka. Hesabu yake ina huruma: ukipunguza mkondo wa umeme kwenye tyubu inayotoa mionzi kwa nusu, dozi inashuka kwa nusu, lakini chenga hazifiki maradufu, zinaongezeka kwa asilimia 41 hivi. Ili ziwe maradufu inabidi ushuke mpaka robo ya dozi. Sasa tazama tunachokitafuta. CT huipa kila tishu namba ya Hounsfield, inayoonyesha inavyozuia mionzi: hewa ni -1000, maji ni 0. Maji ya ubongo hukaa kati ya 0 na 15, ubongo wenyewe kati ya 25 na 40 hivi. Vyumba vya maji vya mtoto huyu ni vipana, kingo zake ni ndefu, jicho lililozoea linaviona hata picha ikiwa na chenga nyingi. Kama swali ni damu kidogo iliyovuja pembezoni mwa fuvu baada ya mtoto kuanguka, hapo sitathubutu kushusha hivyo, kwa sababu chenga zitaificha. Swali la daktari ndilo linaloamua dozi. Wenzangu wa vyumba vya CT, msiruhusu fomu ije imeandikwa "CT kichwa" tu. Pigeni simu wodini muulize mnatafuta nini.

Na sihitaji kumpiga mtoto yeyote picha ya ziada. Hili nalirudia kwa kila mzazi. Nachukua picha ambayo alishapigwa kwa sababu ya matibabu yake, naiingiza kwenye programu ya kompyuta, naiongezea chenga kwa hesabu ili ifanane na picha ambayo ingepigwa kwa nusu ya dozi, kwa robo, na chini ya hapo. Madaktari bingwa wa radiolojia wanaipima kila moja bila kujua ni ya dozi ipi: vyumba vinaonekana? Ncha ya mpira iko wapi? Kisha napima wanakubaliana kiasi gani kwa kipimo cha kapa, alichokianzisha Jacob Cohen mwaka 1960. Pale ambapo wanaanza kutofautiana, ndipo tumefika chini mno.

Kuna mtu namkumbuka kazi ikiwa ngumu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akawa mwalimu wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ilimwomba aende siku moja na nusu kwa wiki, kwa sababu sheria ilitaka mwanafizikia asimamie matumizi ya vitu vyenye mionzi na hapakuwa na mwingine. Akiwa pale aliona jinsi madaktari walivyokadiria dozi ya tiba ya mionzi kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja kila mahali. Swali likamshika: utajuaje kilichomo ndani kwa kupima kutoka nje? Alifanya hesabu, akaijaribu kwa silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao, akachapisha mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali. Miaka michache baadaye, Godfrey Hounsfield kule Uingereza alitengeneza mashine bila kuijua kazi ile, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa CT ya kichwa katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Ni mwaka uleule hospitali ya KCMC ilipofunguliwa hapa Moshi. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, na hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya uzamivu.

Rafiki yangu mmoja alinitumia habari hiyo akaniuliza, sasa wewe unahangaikia nini? Mimi naisoma tofauti. Swali la Cormack lilianzia hospitali ya Afrika, kwa mtu aliyekuwa pale kwa muda tu, akaangalia kazi ya kila siku na kuona kitu hakikai sawa. Cormack alikuwa na chuo, maabara na wenzake wa kujadiliana nao. Mteknolojia wa Moshi akiwa na swali, vitu hivyo anavipata kwa kusajiliwa kama mwanafunzi wa uzamivu. Bila usajili huo nisingekuwa na kibali cha kufungua hata faili moja.

Kuhusu vibali, niwe mfupi: kamati ya maadili ya chuo kwanza, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kisha uongozi wa kila hospitali inayohusika. Inachukua muda na inachosha, lakini baada ya kukaa na akina mama nimeelewa kwa nini ipo. Mama mmoja alisoma fomu ya ridhaa polepole kwa kidole, akainua uso akauliza, "Picha za mwanangu hazitakuja kuonekana kwenye simu za watu?" Nilimwonyesha kwenye kompyuta jinsi jina, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa vinavyofutwa ndani ya faili la picha kabla halijaondoka chumbani. Aliangalia mpaka mwisho ndipo akaweka sahihi. Swali lake nililiingiza kwenye maelezo ya fomu, neno kwa neno.

Kilichoniumiza ni picha zilizopotea. Kuna kituo ambacho hifadhi ya kompyuta ikijaa, za zamani zinafutwa kupisha mpya. Watoto ambao ningeweza kuwafuatilia tangu uchanga, kumbukumbu zao zilikuwa zimekwenda, zimebaki karatasi za majibu tu. Kwa mgonjwa wa mara moja labda si neno. Kwa mtoto mwenye mpira, picha ya mwaka jana ndiyo inayomwambia daktari kama vyumba vimepanuka au ndivyo vilivyo siku zote. Nalisema kwa uchungu kwa sababu diski za kuhifadhia picha hizo ni rahisi kuliko karibu kila kitu kingine katika idara ya radiolojia.

Kisha kuna safari ya silinda. Ili kuhakiki kwamba namba ya dozi inayoonyeshwa na mashine ni ya kweli, unahitaji silinda ya akriliki yenye kipenyo cha sentimita 16, yenye matundu matano ya kuingizia kifaa cha kupimia. Hiyo ndiyo inayosimama badala ya kichwa. Chuo kimoja Arusha kilinikopesha. Ina uzito wa zaidi ya kilo tatu na haitakiwi kukwaruzwa, kwa hiyo niliifunga kwenye kitenge nikaipakata kwenye Coaster toka Arusha, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, mpaka stendi ya Moshi. Bibi aliyeketi pembeni yangu aliuliza kama ni mtoto amelala. Nilipomweleza ni kitu cha kupimia mionzi ya watoto wa vichwa vikubwa, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mjukuu wake alikuwa mmoja wao, kule Mwika, na hakuwahi kufikishwa hospitali. Tuliongea mpaka Boma. Nilimpa namba yangu kwa ajili ya jirani yake mwenye mtoto wa miezi mitano.

Kuhusu maisha ya kawaida sina mengi. Nafanya kazi zamu kamili, kwa sababu likizo ya masomo bado haijapatikana. Ada inalipwa sehemu na mwajiri, sehemu na mimi na mume wangu, ambaye amekubali gari lisubiri. Naandika usiku watoto wakilala, na umeme ukikatika naandika kwa mkono. Mama yangu akiniona nimekonda ananitumia ndizi kutoka kihambani na ujumbe uleule: "Soma mwanangu, lakini ule."

Wateknolojia wenzangu wanaotaka kufuata njia hii wananiandikia wakiuliza wapate wapi udhamini. Udhamini hubadilika kila mwaka, fuatilieni matangazo ya vyuo. Ninachoweza kuwaambia kwa uhakika ni kwamba maliza kwanza uzamili, na usitafute mada kwenye majarida kabla hujakaa miezi kadhaa na daftari pembeni ya mashine yako. Mada nzuri za Kaskazini zimelala pale. Nani amepima eksirei ngapi zinarudiwa kwa sababu mtoto alitikisika? Beji zetu za kupimia mionzi zinakwenda kusomwa maabara ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, kule Njiro, Arusha, majibu yanarudi. Nani ameyakusanya ya hospitali ndogo na kuangalia akina nani wanapokea zaidi na kwa nini? Akina mama wajawazito wa vijijini wanapigwa altrasaundi na nani, na anajua kuona mgongo wazi mapema? Kila moja ni uzamivu wa mtu.

Mimi sasa niko kwenye hatua ya usomaji. Madaktari wanapitia mafungu ya picha, na nimejizuia kuangalia majibu kabla hawajamaliza wote. Wakati huohuo naendelea kukusanya vipimo vipya, na hapa ndipo ninapowahitaji. Ukiwa kwenye kituo chochote chenye CT, Arusha, Moshi, Same, Babati, mtoto wa kichwa kikubwa akiletwa, mpime mzunguko wa kichwa kabla hujamlaza mezani, uandike kwenye fomu pamoja na umri. Futi ya fundi cherehani inatosha, pitisha juu ya nyusi na sehemu iliyotokeza zaidi kisogoni. Kisha uhifadhi ukurasa wa dozi, usiufute. Hata usiponitumia mimi, atakayempokea mtoto huyo mara ijayo atajua aanzie wapi.